Bruxelles na Kinshasa: Umbali, Muda na Saa

Somo la jografia na hesabu

Watoto, mzee mmoja akisema: «Bruxelles ni mbali sana», kijana hujibu: «Hapana baba, siku hizi Bruxelles ni karibu. Ukila chakula cha asubuhi kule, chakula cha jioni utakila Kinshasa.» Nani asema kweli? Wote wawili wasema kweli, lakini hawasemi neno moja. Mzee asema habari ya umbali. Kijana asema habari ya muda. Leo tutajifunza kutenga mambo hayo, maana mtu anayeyachanganya hudanganyika katika safari, na mara nyingine hasara yake ni kubwa.

1. Mambo matatu

Shikeni vizuri mambo haya matatu.

Umbali ni urefu wa njia toka mahali hata mahali. Tunaupima kwa kilometa.

Muda ni wakati unaopita tangu kuondoka hata kufika. Tunaupima kwa saa na dakika, au kwa siku.

Saa ya mahali ni ile inayoonyeshwa na saa ya ukutani katika mji fulani. Saa hiyo si moja katika miji yote ya dunia.

2. Tupime umbali

Bruxelles ni mji mkuu wa Ubelgiji, katika Ulaya. Kinshasa ni mji mkuu wa Congo yetu. Mpaka mwaka 1966 uliitwa Léopoldville.

Twaeni mpira wenye ramani ya dunia. Msiipime njia ndefu namna hii kwa karatasi iliyo bapa, kwa sababu dunia ni mviringo kama chungwa, na karatasi haiwezi kuonyesha mviringo pasipo kuvuta nchi nyingine na kukunja nyingine. Tuseme kwamba mpira wetu una mzingo wa sentimeta 100. Mzingo wa dunia yenyewe ni karibu kilometa 40,000. Basi kila sentimeta ya mpira ni kilometa 400.

Sasa mtoto mmoja ashike uzi, auweke juu ya Bruxelles kwa kidole kimoja, auvute mpaka Kinshasa, na uzi usilegee. Kisha aupime uzi huo kwa rula. Ataona sentimeta 15 na milimeta 6. Tuhesabu: 15.6 mara 400 ni 6,240. Umbali wa kwenda moja kwa moja ni karibu kilometa 6,240.

Angalieni uzi umepita wapi. Umetoka Ubelgiji, umepita juu ya Ufaransa, umevuka bahari ya Mediteranea, umevuka jangwa la Sahara, kisha umeingia katika nchi za misitu mpaka mto Congo. Umetelemka toka kaskazini kwenda kusini, na kwenda upande wa mashariki kidogo tu. Neno hilo mlikumbuke, litatusaidia mbele.

Umbali huo haukupungua tangu siku za mababu zetu. Hakuna fundi aliyeweza kuikata hata kilometa moja.

3. Safari ya meli na ya miguu

Zamani mtu hakuweza kufuata njia ya uzi. Alipanda meli katika bandari ya Antwerpen, akazunguka baharini hata kufika Matadi. Safari hiyo ya bahari ilichukua majuma mawili, hata matatu.

Na kufika Matadi hakukuwa kufika Kinshasa. Toka Matadi kwenda juu, mto Congo una maporomoko mengi, na meli haiwezi kuyapanda. Kabla ya gari la moshi, mizigo yote ilichukuliwa kwa kichwa. Wachukuzi walitembea karibu majuma matatu kwa milima na mabonde. Wengi walilazimishwa kazi hiyo, na wengi walikufa njiani. Ujenzi wa njia ya reli ulianza mwaka 1890, nao ukaisha mwaka 1898. Kazi hiyo nayo iliua watu wengi sana. Tukisoma kwamba reli ilipunguza muda wa safari, tusisahau jasho na makaburi ya wale walioijenga.

Kilometa toka Matadi hata Kinshasa ni kama 360 tu kwa njia ya reli. Basi tazameni: majuma matatu ya baharini kwa maelfu ya kilometa, na majuma matatu mengine kwa kilometa mia chache za miguu! Kwa hiyo umbali mfupi waweza kuwa na muda mrefu. Si kilometa peke yake zinazoamua, bali njia na chombo pia.

4. Ndege ya kwanza, mwaka 1925

Katika mji wa Bruxelles alikuwako wakili jina lake Edmond Thieffry. Alizaliwa mwaka 1892. Katika vita kubwa ya 1914 mpaka 1918 alijifunza kurusha ndege, akawa askari hodari wa angani. Vita ilipokwisha, aliwaza hivi: «Ndege iliyochukua vita, kwa nini isichukue watu na barua mpaka Congo?» Wengi walidhani jambo hilo haliwezekani. Yeye hakuacha.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili, piloti Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker. Ndege yao ilikuwa na mashini tatu, na mwili wake ulikuwa wa mbao na nguo. Haikuwa na nguvu ya kufanya njia yote kwa mara moja. Ilibidi itue mara nyingi kwa kutafuta esanse. Kwa hiyo haikufuata uzi wetu. Ilipita Ufaransa na Hispania, ikaingia Algeria, ikavuka Sahara, ikafika Gao na Niamey penye mto Niger, kisha Fort-Lamy, ambayo siku hizi inaitwa N'Djamena, kisha Bangui, na mwisho Léopoldville. Ilifika tarehe 3 Aprili 1925.

Watoto, hesabuni siku, pamoja na siku ya kuondoka na siku ya kufika. Februari siku 17, Machi siku 31, Aprili siku 3. Jumla ni siku 51.

Siku 51! Mtu wa meli na gari la moshi alikuwa amekwisha kufika zamani. Je, ndege ilikuwa nzito kama kobe? Hapana. Walioandika habari za safari hiyo walihesabu saa za kuruka peke yake, wakapata saa 75 na dakika 25. Na njia waliyoruka ilikuwa kilometa 8,124. Tukigawanya, tunaona kwamba ilikwenda karibu kilometa 108 kwa saa moja. Hakuna meli wala gari la moshi la Congo lililokwenda mbio hivyo siku zile.

Basi siku zote zile zilipotelea wapi? Siku 51 ni saa 1,224. Kwa kila saa 16, ndege iliruka saa moja tu. Saa 15 nyingine ilikaa chini. Usiku ilikaa chini. Penye matengenezo ilikaa chini. Hili ndilo fundisho kubwa la safari ya Thieffry: muda wa kuruka si muda wa safari. Anayetaka kufupisha safari asitazame mabawa tu. Atazame na viwanja, mafundi, esanse, na mahali pa kulala.

Thieffry mwenyewe alilielewa neno hilo. Miaka iliyofuata alirudi Congo kutafuta njia za ndege za ndani ya nchi, ili miji ya Congo iunganishwe. Katika kazi hiyo ndege yake ndogo ilianguka karibu na ziwa Tanganyika, naye akafa, tarehe 11 Aprili 1929. Alikuwa na umri wa miaka 36. Tukipanda ndege leo, tunapita katika njia iliyofunguliwa na watu wasioona matunda yake.

5. Toka siku tano hata saa nane

Kazi haikufa pamoja naye. Viwanja vilijengwa, esanse iliwekwa tayari njiani, mafundi walifundishwa. Mwezi wa Februari 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kila mara kati ya Bruxelles na Léopoldville. Muda wake ulikuwa siku tano na nusu hivi. Mashini za ndege zilikuwa bora kidogo kuliko zile za 1925, lakini kilichofupisha safari zaidi ni matayarisho ya chini. Katika mwaka 1960 ndege za jeti zilikuwa zimefika katika njia ya Congo, na siku ziligeuka kuwa saa. Sabena yenyewe ilikufa mwaka 2001, lakini njia ile haikufa pamoja nayo.

Leo ndege isiyotua njiani huchukua karibu saa 8 toka Bruxelles hata Kinshasa. Tugawanye: 6,240 kwa 8 ni 780. Mtoto mwenye akili atauliza: «Tumesikia kwamba ndege ya jeti hukimbia karibu kilometa 900 kwa saa. Mbona tumepata 780?» Ni swali zuri. Kwanza, ndege haifuati uzi kabisa. Hufuata njia za angani zilizokubaliwa na serikali, na huepuka mawingu ya ngurumo. Pili, inapopanda juu na inapotelemka haiendi mbio sana. Tatu, hutumia dakika nyingi kutambaa chini kiwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Hesabu ya 780 ni ya safari nzima, siyo ya mbio zake kule juu.

6. Saa ya mahali

Sasa tuje kwa jambo la tatu, ambalo huwapoteza hata watu wazima.

Dunia huzunguka mara moja kwa siku moja, yaani digrii 360 kwa saa 24. Kwa saa moja huzunguka digrii 15. Hugeuka kuelekea mashariki, ndiyo sababu watu wa mashariki huliona jua kwanza. Kwa hiyo ukienda mashariki, saa inakwenda mbele. Ukienda magharibi, inarudi nyuma. Lakini ukienda kaskazini au kusini tu, saa haibadiliki, hata ukienda maelfu ya kilometa.

Mnakumbuka uzi wetu? Ulitelemka kusini. Ndiyo sababu katika miezi ya baridi ya Ulaya saa ya Bruxelles na saa ya Kinshasa ni moja, ingawa kati yao kuna kilometa 6,240. Lakini Lubumbashi iko mashariki ya Kinshasa. Kati yao kuna kilometa zisizotimia 1,600, na nchi ni moja, ila saa si moja. Kinshasa ikiwa saa sita ya mchana, Lubumbashi ni saa saba. Ni vivyo hivyo kwa Kisangani, Bukavu na Goma.

Kuna neno moja zaidi. Wabelgiji huisogeza saa yao mbele saa moja, tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hata Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatufanyi hivyo. Basi katika mwezi wa Julai, Bruxelles ikiwa saa sita ya mchana, Kinshasa ni saa tano.

Tazameni mfano. Ndege yaondoka Bruxelles saa tano ya asubuhi, nayo yaruka saa 8. Katika Januari itafika Kinshasa saa moja ya jioni. Katika Julai saa ya Kinshasa itaonyesha saa kumi na mbili ya jioni. Je, katika Julai ndege ilikimbia zaidi? Hata kidogo. Umbali ni ule ule, muda ni ule ule. Kilichobadilika ni saa ya mahali tu.

Mfano wa pili. Mama mzee aondoka Lubumbashi kwa ndege saa nne ya asubuhi. Safari ni saa mbili na nusu. Mjukuu wake wa Kinshasa ahesabu: «Nne na mbili na nusu ni sita na nusu. Nitakwenda kumpokea saa sita na nusu.» Akifika N'djili, amkuta mama mzee ameketi juu ya mzigo wake tangu saa moja nzima, katika mji asioujua, hajui amwulize nani. Mjukuu alijua kujumlisha, lakini alisahau kutoa saa moja. Kwa saa ya Kinshasa ndege ilitua saa tano na nusu.

Angalieni tena: tikiti ya ndege huhesabu saa tangu katikati ya usiku, mpaka 24. Ikiandikwa 10.00 maana yake ni saa nne ya asubuhi. Ikiandikwa 22.00 ni saa nne ya usiku. Anayesoma 10.00 na kudhani ni saa kumi ya jioni ataikuta ndege imekwisha kwenda.

7. Kilometa za mwisho

Huko Ubelgiji kuna viwanda vya dawa za chanjo. Chanjo nyingi ni lazima zikae katika baridi, kati ya digrii 2 na digrii 8. Zikipata joto mchana kutwa, nguvu yake huharibika, na mtoto anayechomwa sindano hiyo hatapata kinga, ingawa mama yake anadhani amekwisha kukingwa.

Tuseme sanduku lenye barafu laweza kulinda chanjo kwa saa 48. Linatoka katika ghala la Kinshasa kwenda kijiji kimoja mbali na Kisangani. Mwuguzi anahesabu: kwenda kiwanjani na kungoja, saa 6. Ndege mpaka Kisangani, saa 2. Kamyo, saa 10. Mtumbwi, saa 12. Baiskeli, saa 5. Jumla ni saa 35. Anaona vizuri, zimebaki saa 13.

Lakini mvua yanyesha, na kamyo yazama katika matope kwa saa 15. Sasa jumla ni saa 50. Chanjo imepita kipimo chake kwa saa 2. Ndege haikuchelewa hata dakika moja! Katika saa 50, ndege ilichukua saa 2 tu, nazo saa 48 zilikuwa za barabara, mto na kungoja.

Mwuguzi mwenye busara hatasema: «Ndege ni ya mbio, hakuna taabu.» Atauliza kwanza: «Ni wapi katikati ya njia penye nyumba ya dawa yenye friji, nibadilishe barafu?» Hiyo ndiyo akili ya Thieffry baada ya siku zake 51. Mtu hupanga safari kwa kutazama mahali panapochelewesha, siyo mahali panapokimbia.

Mwenyezi Mungu alitupa akili ili tuhesabu, na moyo ili tuwahurumie wanaotungoja. Hesabu nzuri ya saa yaweza kuwa tendo la upendo.

Kumbukeni

Umbali haubadiliki. Muda hubadilika kwa njia na kwa chombo. Saa ya mahali hubadilika ukienda mashariki au magharibi. Muda wa kuruka ni sehemu moja tu ya muda wa safari.

Maswali

1. Kwa nini tunapima njia ndefu kwa uzi juu ya mpira, siyo kwa rula juu ya karatasi?
2. Kwa nini wachukuzi walitembea toka Matadi, wala meli haikuwapeleka mpaka Kinshasa?
3. Kwa nini njia ya ndege ya 1925 ilikuwa kilometa 8,124, na uzi wetu ni kilometa 6,240 tu?
4. Ndege ya Thieffry ilikuwa na mbio kuliko gari la moshi. Mbona ilifika baada ya siku 51?
5. Kwa nini saa ya Kinshasa ni karibu na ya Bruxelles kuliko ya Lubumbashi katika Januari?
6. Katika kijiji chenu, ni sehemu gani ya njia inayochelewesha wagonjwa wanaopelekwa hospitali? Mngefanya nini?

Hesabu

1. Njia ya ndege ya 1925 ilizidi umbali wa uzi kwa kilometa ngapi?
2. Ndege yaondoka Kinshasa saa nne ya asubuhi, yaruka saa mbili na nusu. Itatua Lubumbashi saa ngapi kwa saa ya Lubumbashi?
3. Ndege yaondoka Kinshasa saa tatu ya usiku katika Julai, yaruka saa 8. Itafika Bruxelles saa ngapi kwa saa ya Bruxelles?
4. Andikeni kwa saa yetu: 7.00, 13.30, 19.00, 23.15.
5. Sanduku la barafu lalinda chanjo saa 48. Mwuguzi abadilisha barafu baada ya saa 20 za kwanza. Njia yote ni saa 50. Je, chanjo itafika salama? Elezeni.